Shangazi Alisoma Herufi Ambazo Hazikuwa Ukutani

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu na vyeti vyangu kabatini, kwa hiyo usinidhanie mtoto, lakini jambo lililonikaba naona haya kumweleza mtu yeyote kazini, na nyumbani ndiko lilikolala, basi umebaki wewe. Mimi ni mwalimu katika chuo kinachofundisha wapima macho, wale watu wanaokuketisha kwenye kiti kirefu, wakakuvisha fremu nzito ya chuma na kukuuliza "ya kwanza au ya pili?" mpaka uchoke, na mwaka huu nimepewa kazi ya kuandika upya mtaala wa mafunzo ya vitendo, yaani kupanga mwanafunzi ajifunze nini kwanza na nini baadaye, katika chumba gani, kwa mgonjwa yupi, na apewe alama kwa lipi. Kazi hiyo naiweza, na mpaka juzi nilikuwa naipenda.

Lazima kwanza uijue kliniki yetu ya mafunzo, maana bila hiyo hutanielewa. Ni ukumbi mmoja uliogawanywa kwa mbao nyembamba, ukikohoa chumba cha kwanza unaambiwa pole chumba cha tatu. Chumba cha kwanza ni cha miwani, pana ubao wa herufi ukutani na sanduku la lenzi, cha pili ni cha kupima presha ya jicho, na cha tatu ni cha kuchungulia ndani ya jicho baada ya kutia matone yanayotanua mboni. Shida ya vyuo kama chetu ni wagonjwa, kwa sababu mgonjwa halisi aliyekuja na haraka zake hataki kukaa asubuhi nzima akibadilishiwa lenzi na kijana anayetetemeka, kwa hiyo tuna watu wetu wa kudumu, wazee wastaafu wa jirani wanaokuja kuketi ili watoto wajifunze. Hao huketi chumba cha miwani tu. Katika vyumba viwili vingine wanafunzi hupimana wao kwa wao, kwani matone yanawasha na kuleta ukungu, na wazee wetu hatupendi kuwasumbua.

Kati ya wazee hao, malkia ni shangazi yangu, dada ya marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea, na sasa naishi naye mimi. Nilimpeleka chuoni mwenyewe alipostaafu ushonaji kwa sababu alikuwa anazunguka nyumbani akigombana na mapazia, na tangu siku ile hajakosa. Anavaa gauni lake la kutokea, anabeba mkoba mtupu, anaondoka nyumbani kabla yangu. Wanafunzi wanamwita Shangazi Kiti. Anawajua wote, anajua nani kafiwa na nani kagombana na mchumba, na mwoga akiingia anamwambia, "Njoo baba, mimi siumi, anza na jicho la kulia." Amezoea mno mpaka nyumbani nikimuuliza anataka chai au kahawa ananijibu, "Hebu rudia ya kwanza." Tunacheka. Sijui kama nimewahi kumwona mtu mzima akiipenda kazi isiyo kazi namna ile.

Sasa, Mshauri, fuata hapa taratibu. Tuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake wanamwita Jasho, na sina haja ya kukueleza kwa nini. Wiki moja hivi karibuni fundi alikuwa ameondoa ubao wa zamani wa herufi uliopauka, akaweka mpya wenye herufi nyingine kabisa, na hakuna aliyewatangazia wazee kwa sababu hakuna aliyeona sababu ya kutangaza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo cha msimamizi na karatasi yangu ya alama. Jasho akamziba Shangazi jicho la kushoto, akamwomba asome mstari wa chini kwa jicho la kulia, naye akausoma bila kigugumizi, herufi moja baada ya nyingine, ila ulikuwa mstari wa ubao wa zamani. Hakuna hata herufi moja kati ya hizo iliyokuwa ukutani. Jasho ameinamia lenzi zake, hakuinua kichwa, akasema, "Vizuri sana, Shangazi." Kisha akahamisha kizibo, jicho la kushoto likabaki wazi, Shangazi akacheka. "Kumbe mmebadilisha! Haya, ngoja nisome hizi za kwenu." Na akazisoma zote, sawasawa.

Jasho naye akacheka. Namba ya lenzi aliyoipata ilikuwa sahihi kwa macho yote mawili, kwa sababu namba hiyo tunaipata kwa kumulika mwanga na kutazama unavyorudi, na jicho linaweza kutoa namba nzuri kabisa hata kama mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekwisha. Kwa mtaala wetu wa sasa nilipaswa kumpa alama zote. Na katika mtaala mpya niliouandika mimi, huo ambao baraza la chuo linasubiri kuupitisha, vyumba vimetenganishwa zaidi kuliko zamani, kila chombo na somo lake na kila somo na mtihani wake, nikiamini ndiyo usasa.

Jioni ile nikamwambia Shangazi jikoni kwamba ana kitu kwenye kope, nikachukua tochi ndogo. Jicho lenye afya likimulikwa mboni yake hunywea. Nilipohamisha mwanga kutoka kushoto kwenda kulia, mboni ya kulia haikunywea, ilitanuka. Nikazima tochi nikamwambia ni vumbi, limetoka. Baada ya hapo nilianza kuona mambo ambayo yalikuwepo siku zote: anagonga bega la kulia kwenye mlango wa friji ukiachwa wazi, anageuza uso mzima kumtazama mtu aliyeketi kulia kwake, na vikombe amevihamishia rafu ya kushoto, nilipomuuliza akasema mkono wa kulia umechoka na ushonaji. Nahisi ni presha ya jicho, ule ugonjwa usiouma unaokula mshipa wa jicho taratibu. Wanafunzi wa miaka na miaka wamemkalia uso kwa uso, pua kwa pua, na hakuna aliyewahi kutazama ndani ya jicho lake, kwa kuwa yeye ni wa chumba cha kwanza.

Nikamwendea mkuu wa idara. Ni mtu mstaarabu, alifunga mlango, akanisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, pole sana. Lakini nakuomba subiri mitihani ipite. Mtahini wa nje anakuja, Shangazi ndiye mgonjwa tuliyempanga, na akiuliza imekuwaje mtu wetu hajachunguzwa kikamilifu hata mara moja, tutajibu nini? Na mtaala wako je? Ngoja upite, halafu tutamshughulikia kimyakimya." Akaongeza kwamba ugonjwa kama ni huo umekuwepo muda mrefu, wiki chache haziongezi kitu. Mshauri, nilijua si kweli, na nikasema sawa.

Sasa siku zinapita, naenda kazini, narudi, tunakula, sisemi. Nikimwambia atajua kwamba ni sisi, watu aliotuita watoto wake, tuliomtazama tusimwone, na kwamba wema wake wa kukariri ubao ili watoto wasiaibike umemharibia mwenyewe, na pia atapoteza kile kiti, na mimi namjua, bila kiti atakaa kitandani. Nisipomwambia, basi. Kwa hiyo nauliza mambo matatu: je, nisubiri mitihani ipite kama nilivyoambiwa, au nimwambie sasa, nikimwambia, nianzie wapi ili asivunjike moyo, na je, niuondoe mtaala wangu mbele ya baraza au niuache upite halafu nirekebishe polepole? Najaribu kulitazama jambo hili kwa utulivu kama nilivyofundishwa. Lakini jana alinishonea kifungo cha blauzi, akakishona upande usio wake, na nikaivaa hivyo hivyo kwenda kazini.

Ni mimi,
Mwalimu wa Chumba cha Kwanza


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, soma aya hii peke yake kisha funga gazeti. Hukuacha namba ya simu, la sivyo ningekupigia siku ile ile barua ilipofika badala ya kungoja zamu ya ukurasa huu. Inuka, mwambie Shangazi avae gauni lake la kutokea, mwende hospitali yenye daktari wa macho. Si chuoni kwenu, hospitali. Usiende kuaga kwa mkuu wa idara. Mengine niliyokuandikia utayasoma mkiwa kwenye foleni, na foleni za hospitali unazijua, muda utakutosha.

Haya. Kama umenitii, mmeshaketi.

Nianze na kukupa pole, maana nakuona. Umeipata habari mbaya peke yako, ukiwa na karatasi ya alama mkononi, nyuma ya kioo, na ukalazimika kuwatazama wakicheka. Tochi uliyomulika jikoni ilihitaji ujasiri. Watu wengi wangejisemea ni uzee, wakaendelea kunywa chai.

Pole imeisha. Sasa nikuulize, ni kitu gani kilichokupata baada ya kuizima ile tochi? Umeniandikia kuhusu mbao za ukumbi, umenitajia vyumba vitatu na kazi zake, umenifundisha mpaka mwanga unavyorudi kutoka ndani ya jicho, nami nikasoma kwa utiifu nikidhani tatizo ni mtaala, kumbe kuna mama anapoteza jicho nyumbani kwako na umemweka katikati ya barua kama mfano wa somo. Uliniambia unajaribu kulitazama kwa utulivu. Huo si utulivu, dada yangu, huo ni woga uliovaa koti jeupe. Nilikasirika, nikaiweka barua yako pembeni, nikaenda kufua, nikarudi.

Mimi si mtaalamu wa macho, navaa miwani tu, tena ya kuazima namba kwa dada yangu, usinigombeze. Kwa hiyo nilimpigia daktari mmoja wa macho, sikumtajia chuo wala mtu, nikamsimulia mboni iliyotanuka. Hakunipa hotuba. Alisema ugonjwa hawezi kuutaja kwa simu, lakini mtu mwenye dalili hiyo hasubirishwi. Kama ni presha ya jicho, kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa, na kila kinachopotea wakati wa kungoja kinapotea jumla. Akaniuliza, "Jicho la pili likoje?" Nikamjibu bado linasoma. Akasema, "Basi huyo mama ana jicho moja la kuokoa, anangoja nini?" Nilishindwa kumwambia anangoja mtahini wa nje.

Swali lako la kwanza limejibiwa na kiti ulichokalia sasa hivi. La mkuu wako wa idara nitasema kidogo. Yeye anaogopa kuulizwa, na kuulizwa ndiko kunakomfaa. Akikwambia ungesubiri, mjibu kwamba umeshakwenda, nukta. Usimtukane, usimbembeleze. Mtahini akija, atafutiwe mtu mwingine wa kukalishwa kitini, na ikiwezekana awe mtu ambaye wanafunzi hawajawahi kumwona, ndipo mtajua nani anajua kazi na nani anamjua Shangazi tu.

Kuhusu namna ya kumwambia, nakuomba uisome tena barua yako, ile sehemu ya vikombe. Mtu ambaye hajui jicho lake la kulia limechoka hahamishii vikombe rafu ya kushoto. Wala hageuzi uso mzima. Na fundi cherehani wa miaka yote hiyo akishona kifungo upande usio wake, vidole vyake vilimwambia kabla yako. Mwalimu, Shangazi anajua. Hajui jina la ugonjwa, lakini anajua, na amekuwa akikuficha wewe kama unavyomficha yeye, nyote wawili mkipishana jikoni kwa adabu. Unafikiri kwa nini alikariri ule mstari? Wewe umesema ni wema, ili watoto wasiaibike. Naamini nusu ya hilo. Nusu nyingine ni kwamba aliogopa akisema sioni, kiti atapewa mwingine.

Kwa hiyo usiende na hotuba. Usianze na "samahani, tumekukosea", maana atakuacha na pole zako aanze kukubembeleza wewe, nawajua mashangazi. Mwambie hivi tu: "Shangazi, nimeona jicho lako la kulia halioni vizuri. Nimechelewa kukuambia. Tumekuja watazame ndani." Kisha nyamaza. Akicheka, mwache acheke. Akisema ni uzee, usibishane naye. Akilia, na pengine atalia, usimwambie asilie. Akikuuliza kama ni kosa lake kusaidia watoto, hapo ndipo ujibu haraka bila kumumunya maneno: si kosa lake. Yeye aliombwa aketi akaketi. Kazi ya kutazama ilikuwa yenu.

La mtaala. Utauondoa mbele ya baraza, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na utasema kwa nini. Ndiyo, utaona aibu. Aibu ya siku moja mbele ya watu waliovaa tai haijaua mtu. Sina elimu ya kukuandikia mpya, lakini mama yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto zahanati angekwambia kwamba mtu haji kwa vipande. Mwanafunzi mmoja ashike mtu mmoja, apite naye mlango wa kwanza mpaka wa mwisho, amtie matone hata kama yanawasha, amwombe radhi, aendelee. Anayeketi kuwafundisha watoto wenu achunguzwe kwanza na mwenye cheti, kila muhula, kabla kijana yeyote hajamgusa. Ubao ubadilishwe mara kwa mara. Na alama mwanafunzi apewe kwa kuinua kichwa. Jasho asingekosa lile jambo kama mngemfundisha kumtazama anayesoma badala ya lenzi pekee. Usimfukuze wala kumtia aibu, mwite, msimulie alichokisikia kwa masikio yake akacheka. Hatasahau mpaka anastaafu.

Na kile kiti, usimnyang'anye. Umeshaamua bila kumuuliza kwamba bila kiti atakaa kitandani, na mkuu wa idara naye ameamua lake, kila mtu anaamua juu ya Shangazi isipokuwa Shangazi. Akishapata dawa na daktari akamruhusu, muulize kama anataka kurudi. Akitaka, arudi, lakini kwa sharti moja ambalo utamwambia wewe: asimsaidie mtoto yeyote. Asichokiona aseme sioni, hata kijana atoke jasho mpaka viatuni. Nadhani atakuwa mwalimu mkali kuliko nyote, na ataipenda kazi hiyo zaidi ya ile ya kwanza.

Sasa nimekuweka na gazeti muda wa kutosha. Likunje. Tazama Shangazi ameketi wapi na wewe umeketi wapi. Kama nimekusoma vizuri, umekaa kushoto kwake, kwa sababu ndiko anakokuona na hivyo mambo yanaonekana kama kawaida. Inuka, zunguka, hamia kulia kwake. Kabla hujakaa, mguse bega ajue ni wewe.